Msitupe Kompyuta ya Mjomba

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kikao cha wapenda vitabu hapa Dar es Salaam, vile vikao vyetu vya chai ya tangawizi na ubishi mnavyovijua. Nikaulizwa likizo nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa Msimbati, Mtwara, kwa mjomba wangu, na kwa wiki mbili nzima nilikuwa nimeifungua kompyuta yake ya zamani naiongezea mahali pa kuhifadhia kazi. Kicheko. Dada mmoja mhariri, ninayemheshimu na nitaendelea kumheshimu hata baada ya makala haya, akauliza: "Sasa kaka, hiyo na fasihi wapi na wapi?"

Nikajibu kwa mzaha, maana kikao kilikuwa na ajenda nyingine. Lakini swali lile limenikwama kooni kama mwiba wa changu. Leo nalijibu, na nalijibu kwa hasira kidogo, mnisamehe.

Kuna kizazi kizima cha waandishi wa Kiswahili walioanza kuandika kwenye kompyuta kati ya mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Rasimu zao nyingi hazipo kwenye karatasi, na intaneti haizijui kabisa. Zipo kwenye flopi zilizofungwa mpira wa sarawili ndani ya mkebe wa biskuti, na kwenye hadi diski (diski kuu, kama kamusi inavyotaka tuseme) zilizo ndani ya makasha yaliyofunikwa vitambaa vya kudarizi pembeni ya sebule. Sisi tunaojiita watu wa fasihi tunaziacha zife huku tukiandika makala ndefu za kulalamika kwamba vijana hawasomi. Kisa? Tumejiaminisha kuwa mambo ya waya si ya watu wa vitabu. Na dawa yake inauzwa kwa bei ya kuku.

Mjomba alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mjini Mtwara. Mwaka 1998 watu wa mradi fulani walikuwa wanafunga virago, wakauza vitu vyao, naye akanunua kompyuta. Ni 386, RAM ya megabaiti 4, hadi diski ya megabaiti 40, MS-DOS, na WordPerfect 5.1, ile programu ya 1989 yenye skrini ya bluu tupu na maandishi meupe. Wapwa zake wote tumekua tukiitazama kwa mbali kwa sababu kuigusa ilikuwa kosa la viboko. Alipostaafu akahamia nayo Msimbati, kijiji kile kile ambacho gesi ya Ghuba ya Mnazi inatoka chini ya ardhi yake. Huko upepo wa bahari unakula misumari ya bati. Unafikiri unaiachaje kompyuta?

Ndani ya kasha lile kulikuwa na riwaya. Sehemu tatu, alizoziandika kuanzia mwaka ule alioinunua hadi 2004, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Inahusu vijana wa upande wetu wa Mto Ruvuma waliovusha watu kwa mitumbwi usiku vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964. Mjomba mwenyewe alikuwa mtoto wakati ule. Anasema anayoyakumbuka ni sauti, zaidi ya sura: kasia likigonga ubavu wa mtumbwi, mama mmoja akimziba mtoto mdomo. Mchapishaji mmoja aliwahi kumrudishia mswada akisema ni mrefu mno. Nakala ile ya karatasi ikaliwa na mchwa. Ikabaki ya kwenye mashine.

Sasa kabla hamjaniuliza kwa nini asingenunua kompyuta mpya, naomba tukumbushane kidogo tulikotoka. Wazungu wakisema "kompyuta ya nyumbani ya kale" wanamaanisha ZX Spectrum au Commodore 64, zote za 1982, zilizochomekwa kwenye televisheni ya sebuleni huku mtoto akicheza gemu. Leo wana ulimwengu mzima wa vifaa vya bei nafuu vya kuzirefushia maisha: unachomeka kadi ndogo ya kumbukumbu badala ya kaseti, kazi imekwisha. Sisi Tanzania Bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni hadi 1994. Kabla ya hapo, mwaka 1974, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine kubwa ya Wizara ya Fedha kugharimu pesa nyingi za kigeni na kuvuruga hesabu badala ya kuzinyoosha. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake, siubezi. Nchi ilikuwa haina dola. Marufuku yakalegezwa polepole miaka ya 80 na baadaye.

Kwa hiyo kompyuta ya nyumbani ya kale kwetu ni hii: 286, 386 au 486 iliyotumika ofisini kwa mtu mwingine, ikafika kwa mwalimu, paroko au mwandishi wa gazeti la mkoa ikiwa tayari imechoka. Haikuja kwa ajili ya gemu. Watu waliinunua ili waandike. Tulitoka kwenye kuiogopa mashine tukaingia moja kwa moja kwenye kuabudu mashine mpya, na katikati hapo hatukuwahi kujifunza kuitunza.

Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja na redio zikiwatangazia watu wa Mtwara na Lindi wajihadhari, mjomba aliifunga kompyuta kwa nailoni tatu, akaipandisha juu ya kabati, kisha akakaa chini ya kabati hilo na redio yake. Kimbunga kikaingia Msumbiji tarehe 25, sisi tukapona. Shangazi anasimulia kisa hiki kwa kucheka hadi leo. Mimi kiliniuma, maana ndipo nilipojua kuwa hana nakala nyingine yoyote.

Miaka miwili baadaye ikakataa kuwaka vizuri. Inawaka, inahesabu kumbukumbu, halafu inalalamika kuwa haioni diski. Akaipeleka kwa fundi mjini, simtaji. Fundi akabonyeza bonyeza, akatoa hukumu: "Hadi diski imekufa, mzee. Labda tui-format, tuone kama itafufuka." Mjomba akamwambia subiri nimpigie mpwa wangu aliyeko Dar. Ile simu ndiyo iliyookoa riwaya. Ningekuwa kwenye kikao nimezima simu, ingekuwa imefutwa kwa nia njema kabisa.

Diski haikuwa imekufa. Kilichokufa ni betri. Kompyuta za umri ule zina betri ndogo iliyolehemewa kwenye bodi, umbo la pipa, inayotunza saa na kumbukumbu ya vifaa vilivyomo. Ikiisha, mashine inaamka kila asubuhi imesahau kuwa ina diski. Na diski za zamani hazijitambulishi zenyewe. Ni lazima uiambie namba tatu: silinda ngapi, vichwa vingapi, sekta ngapi. Ukikosea moja, inasoma upuuzi au haisomi kitu. Fundi yule aliweka namba za kubahatisha, akaona upuuzi, akatangaza msiba.

Namba zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski yenyewe: 980, 5, 17. Zidisha zote, kisha zidisha kwa 512, ambazo ni baiti za kila sekta, unapata baiti milioni 42 na ushee. Ndiyo hizo megabaiti 40. Nilitoa betri iliyokuwa imeanza kuvuja, nikasafisha ile kutu ya kijani kwa mswaki na siki (inavuja alkali, ndiyo maana ya siki), nikaunganisha kikasha cha betri tatu za redio kwenye pini ambazo bodi ilikuwa nazo kwa kazi hiyo hiyo. Nikaingia kwenye BIOS, nikachagua aina ya 47, ile unayojaza namba mwenyewe, nikaandika 980, 5, 17. Nikawasha upya.

Ile diski ikavuma kama mashine ya kusaga ya jirani, ikatulia, na C ikatokea kwenye skrini. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika tasbihi. Hakusema neno. Akatoka nje.

Sasa ndiyo kazi ikaanza, na hapa nawaomba wapenda fasihi msikimbie, nitakuwa mfupi. Faili limeonekana, je, unalitoaje? Mashine haina USB. Haina intaneti. Kiendeshi cha flopi kilikuwa kimejaa mchanga na mayai ya mjusi. Na ile diski yenye miaka zaidi ya 25 inaweza kukata roho wakati wowote, kila dakika inapozunguka ni ya kukopa.

Jibu ni kadi ya CompactFlash. Wapiga picha wa magazeti mnaikumbuka, ile kadi nene ya kamera za miaka ya 2000. Mimi nilikuwa nayo kwenye droo ya kazini, ya megabaiti 512, hakuna aliyekuwa anaitaka. Kadi hii ina siri moja: ndani yake inazungumza lugha ile ile ya hadi diski za zamani. Haihitaji tafsiri. Unahitaji adapta tu, kipande cha bodi kisichozidi kiganja, upande mmoja kadi inachomekwa, upande wa pili pini 40 za ule utepe mpana wa waya. Niliiagiza kutoka China kwa shilingi 12,000. Nikahamisha jampa, kile kiplastiki kidogo kinachoamua nani mkubwa na nani mdogo kwenye waya mmoja, kadi ikawa diski ya pili. Nikaiandalia kwa FDISK, na hapo mkono ulitetemeka kweli, kwa sababu ukichagua diski ya kwanza badala ya ya pili umeifuta riwaya kwa mkono wako mwenyewe. Halafu XCOPY.

Dakika chache. Kila kilichoandikwa kwa miaka 20 kikahamia kwenye kadi, kadi ikachomolewa, ikachomekwa kwenye kompyuta yangu ya mkononi kwa kisoma kadi cha kawaida, na LibreOffice, ambayo ni ya bure, ikayafungua mafaili ya WordPerfect bila kununa. Kiswahili bwana kina heri yake: herufi za kawaida tu, hakuna alama za juu wala za chini za kupotea njiani. Hata ng' ya ng'ombe ilifika salama.

Gharama yote, pamoja na betri za redio na siki, haikufika shilingi 40,000. Nauli ya basi kwenda na kurudi ilinigharimu zaidi ya hapo.

Lakini sikuandika makala haya kujisifu, kwa sababu habari haikuishia kwenye furaha. Majina ya mafaili ya DOS ni herufi nane tu. Kulikuwa na MTO1. Kulikuwa na MTO2. MTO3 haikuwepo.

Nikamuuliza. Akakaa kimya, halafu akaniambia. Mwaka 2005 hivi diski ilijaa. Megabaiti 40, mle mna Windows, mna gemu za wapwa (nasi tulikuwa na hatia, viboko havikutosha), mna mitihani ya shule nzima, maana walimu wenzake wote walikuja kuchapa kwake. Akahitaji nafasi ya mitihani ya kidato cha pili. Akaihamishia sehemu ya tatu kwenye flopi sita, kwa tahadhari, nakala mbili mbili, akaifuta kwenye diski. Flopi akazitia kwenye mkebe.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Ukurasa wa riwaya ni kama herufi 2,000. Kurasa 300 ni kama baiti 600,000. Ile diski ya megabaiti 40 inaweza kubeba riwaya kama hiyo karibu 70, kama ingebeba riwaya tu. Ile kadi niliyoitoa kwenye droo inabeba zaidi ya 800. Sehemu ya tatu ya riwaya ya mjomba ilifukuzwa nyumbani kwake kwa kukosa nafasi ambayo leo hatuoni hata haya ya kuitupa.

Mkebe tuliufungua siku hiyo hiyo. Ukungu. Ule unyevunyevu wa pwani unaota kwenye utepe kama unavyoota kwenye viatu vya ngozi. Kiendeshi cha flopi kizima nilikuja kukipata Kariakoo kwa fundi wa mashine za kudarizi. Mashine zile za zamani zinapokea mchoro kwa flopi, na mafundi siku hizi wanatoa kiendeshi na kuweka Gotek, kijisanduku cha bei ndogo cha Kichina kinachojifanya flopi huku kikisoma flashi ya USB. Wapiga vinanda nao wanakijua. Viendeshi vilivyotolewa vilikuwa kwenye ndoo chini ya meza. Akaniuliza, "Hivi vya nini, mkuu?" Nikamwambia vya riwaya. Akanipa kimoja bure kwa kunihurumia, nahisi. Kilihitaji kuhamishwa jampa moja tu. Maana elewa hapa: Gotek ni nzuri sana kwa kuingiza na kutoa kazi, lakini flopi yako ya zamani haiisomi, inaiigiza tu. Kwa flopi halisi unahitaji kiendeshi halisi, na viendeshi halisi ndivyo hivyo viko kwenye ndoo.

Kati ya flopi sita, mbili zilisomeka. Moja ikasomeka nusu. Tatu zilikwaruza, ile sauti ya kichwa kikikwangua ukungu, nikazitoa haraka nisiharibu na kiendeshi. Nimezisafisha kwa pamba na spiriti, nikarudia, hola. Mazishi ya yule mvushaji wa mitumbwi, ambayo mjomba anasema ndiyo sababu ya kuandika kitabu kizima, yalikuwa kwenye moja ya hizo.

Mjomba alishika ile kadi akaigeuza geuza. "Kumbe nafasi ilikuwa inauzwa bei ya jogoo, mjomba," akaniambia. Kwetu mjomba na mpwa wanaitana jina moja.

Basi, dada mhariri, unauliza na fasihi wapi na wapi.

Mwaka 1970, J.W.T. Allen alitoa orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyoko maktaba ya chuo kikuu Dar es Salaam, na kwenye orodha hiyo hiyo akaorodhesha kanda za sauti. Miswada na kanda, rafu moja, heshima moja. Hakuna aliyemwambia kuwa kanda ni mambo ya mafundi redio. Emory, chuo kikuu cha Marekani, kilipochukua nyaraka za Salman Rushdie kilichukua na kompyuta zake, na kuanzia 2010 msomaji anaweza kukaa pale akatazama mojawapo ya mashine hizo kama Rushdie alivyoiona, mafaili yake yakiwa mahali pale pale alipoyaacha. Wao wanaona desktopu ya mwandishi ni sehemu ya kazi yake. Sisi tunawaita watu wa vyuma chakavu, wanapima kwa kilo.

Najua majibu, nimeshayasikia. La kwanza: "Tuskani kila kitu, tuweke mtandaoni." Vizuri. Utaskani nini, kasha la bati? Skana inasoma karatasi. Miradi yote ya kuhifadhi fasihi niliyopata kuiandikia habari ilikuja na skana, na wageni waheshimiwa, na fulana. Sijaona hata mmoja uliokuja na kiendeshi cha flopi cha kuokotwa kwenye ndoo. Watu wa Mtwara tunaijua miradi inayoletwa na vifaa visivyolingana na ardhi. Reli yetu ya kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya karanga za Waingereza. Karanga zikakataa, reli ikang'olewa. Bandari ndiyo iliyotubakia.

La pili: "Hiyo ni kazi ya watu wa IT." Yule fundi alikuwa mtu wa IT. Hakujua kuwa ndani mna riwaya, kwa hiyo kufuta kulikuwa jambo jepesi. Anayejua thamani ya MTO3 ni mtu aliyesoma MTO1 na MTO2, na huyo ni mimi na wewe. Mtaalamu wa miswada ya kale ya Lamu analazimika kujua karatasi na wino, wala hakuna anayemwambia aende akawaachie wauza wino. Kwa nini sisi tuone aibu kujua betri na jampa?

La tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote, na lilisemwa na mtu mzima mwenye vitabu vyake: "Kama kazi ingekuwa nzuri ingechapishwa." Mzee wangu, kwa heshima zote, shikamoo. Kwa kipimo hicho ungetupa nusu ya tenzi tunazofundisha leo, zilizokaa kwenye makasha ya familia miaka mia kabla ya mtu kuzichapa.

Na sasa swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ile ile ya kikao. Dada, nyinyi wachapishaji miaka ya 90 mliwataka waandishi walete miswada na disketi. Nakumbuka masharti yale, nimeyaona kwenye barua za mjomba. Disketi hizo ziko wapi? Ile iliyokubaliwa, ile iliyokataliwa, ile ambayo mwandishi alikufa kabla hajajibiwa? Mnazo stoo? Mmeziweka penye feni, au ziko sakafuni karibu na choo kama stoo zote za nchi hii? Sikusemi wewe peke yako, wala taasisi yenu. Nauliza tu, kwa sababu nina kiendeshi kimoja kinachofanya kazi na wikiendi ziko wazi.

Kuna waliokubaliana nami hadi hapa, halafu wakasema: sawa, umetoa mafaili, sasa kasha litupwe. Hapana. Kwanza, tangu habari zisambae pale kijijini na mjini, watu wameleta. Katekista mmoja kaleta flopi za nyimbo alizotunga. Mjane kaleta za mumewe, hajui zina nini, anataka tu kujua zina nini. Mashine ya mjomba inazisoma, yangu mpya haina hata tundu la kuzitia. Zile pana za inchi tano na robo bado zinatushinda, hata vile viendeshi vya flopi vya USB vinavyouzwa mtandaoni havizisomi, natafuta kiendeshi chake.

Pili, mjomba anaandikia pale. Nilimletea kompyuta ya mkononi, nikamfundisha, akajaribu siku tatu. Ikamuuliza asasishe, ikamwonyesha hali ya hewa ya mji asiokaa, ikapigia mstari mwekundu kila neno la Kiswahili alilotunza miaka 70. Akaifunga taratibu akairudisha kwenye begi lake kama mtu anayemrudisha mgeni kwenye basi. George R.R. Martin anaandika vitabu vyake vinene kwenye WordStar ya DOS na dunia nzima inasema ana nidhamu. Mwalimu mstaafu wa Msimbati akifanya hivyo tunasema hajaendelea.

Kwa hiyo safari ya pili niliibadilisha kabisa. Diski ya zamani nimeitoa, imekaushwa, imefungwa, imeandikwa namba zake tatu kwa kalamu isiyofutika. Mahali pake pamekaa kadi. BIOS ya mashine ile haioni zaidi ya megabaiti 504, na kadi ya 512 ya kamera, ambayo baiti zake halisi ni milioni 512 na kitu, inaenea humo. Wenye kadi kubwa zaidi wapo, wanatumia programu ya bure iitwayo XTIDE Universal BIOS, wanaichoma kwenye chipu na kuichomeka kwenye tundu la chipu lililo kwenye kadi ya mtandao ya zamani, hapo kizuizi kinaondoka. Nasi hatukuhitaji. Riwaya 800 zinatosha kwa mzee mmoja. Kadi ya pili inakaa kwenye bahasha, kila Ijumaa baada ya swala ananakili, na nikija naondoka na nakala ya tatu. Kadi nazo hufa, asije mtu akawadanganya.

Siku ya kwanza alipoiwasha ikiwa na kadi, aliniita kwa sauti kubwa. "Mjomba! Mbona imenyamaza? Umeiua?" Alikuwa amezoea ule mvumo miaka yote. Kadi haizunguki, haina la kuvuma. Alikaa mbele ya skrini ya bluu akiitazama kwa mashaka, sikio limeinama, nje mawimbi ya Msimbati yakisikika kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile.

Anaiandika upya sehemu ya tatu. Hafuati zile flopi mbili na nusu, amekataa hata nimchapie. Anasema mazishi yale yatakuwa tofauti sasa kwa sababu yeye mwenyewe yuko karibu nayo zaidi. Juzi kanipigia usiku, nikadhani kuna mgonjwa. Alikuwa anataka kuuliza kwa nini ile namba ya nafasi iliyobaki, mwisho wa orodha ya mafaili, karibu haipungui, na yeye ameandika kurasa 40.